Orodha ya Dagaa Inapohamia Excel

Steshenari za Mwanza hubandika bei zao ukutani: kutoa kopi, kuprinti, kuskani, kulaminisha, kuandika wasifu, kujaza maombi ya mkopo wa chuo, kutuma maombi ya ajira. Kazi ninayotaka kuisifu hapa haimo kwenye karatasi hizo. Mteja akiileta huiita "kuhamisha" tu. Orodha yake iko kwenye Word, ofisi fulani imemwambia aipeleke ikiwa kwenye Excel, na kwa macho yake ni suala la kukopi huku na kubandika kule. Asiyeijua kazi huipokea hivyo hivyo na kuimaliza kwa dakika tano. Anayeijua humwambia mteja, "Niachie fleshi, pitia kesho jioni."

Huyo wa kesho jioni ndiye ninayemwandikia. Ninamfahamu mmoja mwenye chumba cha kompyuta mbili jirani na soko la Mwaloni, Kirumba. Makatibu wa vikundi vya pale humwita Mwalimu, kwa kuwa wengi wao yeye ndiye aliyewashikisha kipanya kwa mara ya kwanza, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Nimekaa sana kwenye benchi lake nikimwangalia, na kadiri ninavyomwangalia ndivyo ninavyoamini kwamba huu ni ufundi kamili, wenye kanuni zake, hatari zake na uungwana wake.

Mwaloni panafaa kuuelewa ufundi huu. Dagaa hufika hapo kwa boti kutoka Ukerewe, Kome, Maisome, Goziba na visiwa vingine, na huondoka kwa malori kwenda Dar es Salaam, Kongo, Burundi, Rwanda na Zambia. Kati ya kushushwa na kupakiwa, mzigo hupita mikononi mwa watu wengi wenye mitaji midogo. Mama anachukua sado kumi na mbili leo, anatoa kiasi, kingine atakileta akishauza. Biashara ya mali kauli haiendi bila maandishi, kwa hiyo kila kikundi kina katibu na kila katibu ana kaunta buku. Siku hizi wengi huyahamishia maandishi hayo kwenye Word, kwa sababu Word ndiyo waliyoanza nayo na kwa sababu Word haikatai kitu. Unaandika kama unavyoongea.

Kisha inakuja siku ya kuombwa jedwali. Kikundi kinataka kuomba ule mkopo unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Au kinashughulikia usajili, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi vya kijamii vya fedha katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Au mwenyekiti mpya anataka tu kujua nani anadaiwa nini. Hapo ndipo kurasa za Word, zilizokuwa zikitosha miaka yote, zinaonekana hazijibu swali.

Huu hapa mstari mmoja kutoka kwenye orodha aliyowahi kuletewa Mwalimu. Majina nimeyabadili.

14. Kulwa M. – sado 12 x 4,500 = 54,000/= katoa 30,000 bado 24,000 ataleta jmosi

Kwa mwanachama wa kikundi, mstari huu umekamilika. Anamjua Kulwa, anajua sado ni ile ndoo ndogo ya rangi wanayopimia, anajua Jumamosi ipi. Ukiubandika kwenye Excel, wote unaingia katika kisanduku kimoja, na kwa Excel hauna tofauti na sentensi ya barua ya mapenzi. Hauwezi kujumlishwa, hauwezi kupangwa kwa ukubwa wa deni, hauwezi kuchujwa. Nilichokipenda kwa Mwalimu tangu mwanzo ni kwamba hamlaumu katibu kwa kuandika hivyo. Katibu aliandika kwa ajili ya watu anaokaa nao. Anayehamisha anaandika kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo, na kazi yake yote ni kukiandika kile ambacho wale waliokuwepo hawakuwa na haja ya kukisema.

Kwa hiyo haanzi na kompyuta. Anaprinti orodha nzima, anachukua kalamu ya risasi, anasoma. Anasoma kurasa zote kabla ya kugusa herufi, akipitisha macho kama wale akina mama wa juani wanaochambua dagaa na kutoa visamaki vya furu vilivyochanganyika humo. Katika usomaji huo anatafuta jibu la swali moja: mstari mmoja wa jedwali utakuwa nini hasa? Mtu, au tukio? Kwenye Word, Kulwa ana namba yake, 14, na kila anapochukua mzigo mwingine katibu anaongeza maneno chini ya jina lake. Mtu wa haraka angetengeneza mstari mmoja kwa kila mtu na safu za "mzigo wa kwanza", "mzigo wa pili", "mzigo wa tatu", na jedwali lingekwama pale tu mtu wa kwanza atakapochukua mzigo wa nne. Mwalimu huamua kwamba mstari ni mzigo mmoja uliochukuliwa siku moja na mtu mmoja. Kulwa akichukua mara tatu ana mistari mitatu, jina lake likijirudia. Katibu huona jina linalojirudia kama uchafu. Kwa Excel huo ndio usafi. Uamuzi huu ukikosewa, hakuna fomyula ya kuuokoa baadaye, na ndiyo maana anautolea muda mwingi kuliko kitu kingine chochote.

Akishaamua, anachora vichwa vya safu kwa mkono pembeni ya karatasi: tarehe, namba ya mwanachama, jina, kipimo, idadi, bei, alicholipa, tarehe ya ahadi, maelezo. Safu ya jumla na safu ya deni hazijazi kutoka kwenye Word. Hizo Excel itazikokotoa, naye atakuja kuzilinganisha na zile za katibu mwishoni.

Sasa ndipo anafungua Word, na jambo la kwanza anabonyeza kile kitufe chenye alama ya aya, ¶, ambacho wengi wetu tumekiona miaka yote bila kukigusa. Ghafla ukurasa unaonyesha mifupa yake. Kila nafasi inakuwa nukta, kila Tab inakuwa mshale, kila mwisho wa aya unapata alama yake. Orodha iliyokuwa imenyooka kwa macho inajulikana ilivyonyooshwa: mahali pengine kwa Tab moja, pengine kwa Tab tatu, pengine kwa nafasi kumi na saba zilizogongwa moja moja hadi namba zikakaa chini ya namba. Macho ya binadamu huona safu. Kompyuta huona nafasi kumi na saba.

Anafungua kidirisha cha kutafuta na kubadilisha kwa Ctrl na H, na hapo mkono wake unaanza kwenda kwa mpangilio ambao sijawahi kumwona akiuvunja. Kwanza nafasi mbili zinageuzwa kuwa moja, tena na tena, hadi Word iseme haikuona tena nafasi mbili popote. Kisha vistari. Katibu anagonga kistari kifupi, lakini Word ina tabia ya kukirefusha chenyewe pale kilipozungukwa na nafasi, hivyo waraka mmoja unakuwa na vistari vya aina mbili vinavyofanana kwa jicho lililochoka. Anavifanya vyote aina moja. Kisha "/=" inaondolewa kila mahali, kwa sababu namba yenye "/=" nyuma yake, Excel huihesabu kuwa neno, na ukijumlisha maneno unapata sifuri bila onyo lolote. Baada ya hapo tu ndipo anageuza vitenganishi kuwa ^t, alama ambayo Word huielewa kuwa Tab. " – " inakuwa Tab. " x " inakuwa Tab. " katoa " inakuwa Tab. Mstari wa Kulwa unafunguka na kuwa vipande, kila kipande kikiwa na mlango wake wa kuingilia Excel.

Mpangilio una sababu. Ukigeuza vistari kabla ya kusafisha nafasi, utabaki na nafasi zilizonata kwenye majina, na "Kulwa M." mwenye nafasi mbele atakuwa mtu tofauti na "Kulwa M." asiye nayo. Kuna hata nafasi ya aina ya pekee, ile isiyovunjika, ambayo mara nyingi huingia kwenye waraka kwa kukopi kutoka kwenye tovuti. Haionekani, na fomyula ya kawaida ya kufuta nafasi za ziada haiigusi. Mwalimu huitafuta kwa namba yake ya siri, 160. Nilipomwona kwa mara ya kwanza akiandika namba hiyo ndani ya fomyula ili kukamata kitu kisichoonekana, nilijua niko mbele ya fundi.

Zile namba za pembeni, 1, 2, 3, nazo zina mtego wake. Word ikijiandikia namba yenyewe, namba hiyo si sehemu ya maandishi. Ni hesabu ya mahali aya ilipo. Mwanachama wa 9 akiondoka na mstari wake ukafutwa, wa 10 anakuwa wa 9 papo hapo, na Kulwa wa 14 anakuwa wa 13. Ukichukua orodha ya Machi na ya Juni ukaziunganisha kwa namba hizo, umemkabidhi mtu deni la jirani yake. Mwalimu huziacha kabisa namba hizo na kutoa namba mpya, isiyobadilika, ambayo hata mtu akijitoa kikundini hapewi mwingine.

Namba ya namna hiyo ina uzito wake Usukumani. Hapa Kulwa ni pacha wa kwanza na Doto ni wa pili, Shija ni anayezaliwa baada ya mapacha, na kikundi chenye watu arobaini kinaweza kuwa na akina Kulwa wanne. Halafu kuna Magreth, Margareth na Magreti, ambao huenda ni mtu mmoja aliyeandikwa na makatibu watatu, na huenda ni watu watatu. Asiyejali huwaunganisha wanaofanana. Mwalimu anaorodhesha majina yote kwa alfabeti, anawaweka wanaokaribiana pamoja, anapiga simu kwa katibu: "Samahani dada, huyu Magreth wa Februari na Magreti wa Mei ni yule yule?" Simu hiyo haimo kwenye bei. Lakini hajawahi, mbele yangu, kuunganisha majina mawili kwa kukisia.

Kisha kuna namba ambazo hazipaswi kuwa namba. Simu ni ya kwanza. Ukibandika 0754 na nyingine zake kwenye kisanduku cha kawaida, Excel huitupa sifuri ya mbele kwa sababu kwa hesabu haina thamani. Hilo angalau linaonekana na linarekebishika. Kitambulisho cha Taifa ndicho kinachotisha. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Ikiandikwa na vistari vyake iko salama, maana itasomwa kuwa maandishi. Ikiandikwa mfululizo, kama makatibu wengi wanavyoiandika, tarakimu 5 za mwisho zinageuka sifuri na hazirudi tena, hata ukija kubadilisha mtindo wa kisanduku baadaye. Ubaya ni kwamba tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, na hizo ndizo tunazozitazama kuhakikisha kama namba ni ya mtu fulani. Zitakuwa sahihi. Fomu itaonekana nzuri, itasainiwa, itapelekwa, na itarudishwa wiki tatu baadaye bila mtu kujua kilichotokea.

Kinga ni ndogo kama hirizi: kabla ya kubandika chochote, anachagua safu za simu na za NIDA na kuziambia ziwe za maandishi, kisha anabandika maandishi matupu, bila rangi wala mitindo ya Word. Kabla, si baada. Sekunde kumi.

Tarehe zilinichukua muda mrefu zaidi kuzielewa. Kompyuta nyingi zinazouzwa mjini hutoka dukani zikiwa na mipangilio ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Katibu ameandika 3/5/2023, akimaanisha tarehe 3 Mei. Excel iliyopangwa Kimarekani inasoma Machi 5. Haionyeshi shaka yoyote, kwa sababu ndani yake tarehe ni namba tu ya siku zinazohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1900: Machi 5, 2023 ni 44990, na Mei 3 ni 45049. Tofauti ni siku 59. Deni la siku mbili linaonekana la miezi miwili, na mama wa watu anaitwa mdaiwa sugu. Lakini 13/5/2023 haiwezi kuwa mwezi wa kumi na tatu, kwa hiyo Excel inashindwa na kuiacha kama maandishi, ikiwa imeegemea kushoto. Hapo Mwalimu ana kanuni aliyoigundua kwa kutazama tu: safu ya tarehe ikiwa na nyingine zimeegemea kulia na nyingine kushoto, zile za kushoto, zinazoonekana zimeharibika, ndizo ambazo hazijaguswa. Za kulia, zilizokaa sawa, ndizo zilizogeuzwa. Siku 12 za mwanzo za kila mwezi ndizo zinazopotea kimyakimya. Yeye huvunja tarehe vipande vitatu akiwa bado kwenye Word, siku, mwezi na mwaka, kila kimoja na safu yake, kisha huviunganisha kwa fomyula akishafika upande wa pili. Inachosha kuiangalia, na haijawahi kumsaliti.

Halafu saa. Hapa hakuna kitabu cha Marekani wala cha Ulaya kitakachomsaidia, maana tatizo ni letu wenyewe. Aliletewa kumbukumbu za mtumbwi wa dagaa, zilizoandikwa na mtu makini sana: umetoka saa 12 jioni, umerudi saa 11 alfajiri, ndoo kadhaa. Excel inahesabu siku kutoka usiku wa manane, sisi tunahesabu kutoka jua linapochomoza na linapozama. Saa 1 asubuhi lazima iwe 07:00, kwa hiyo unaongeza 6. Saa 4 usiku ni 22:00, unaongeza 18. Saa 11 alfajiri ni 05:00, hapo unatoa 6. Saa 12 ya asubuhi unatoa 6, ya jioni unaongeza 6. Neno linalofuata saa, asubuhi au jioni au usiku, ndilo linaloamua, kwa hiyo haliwezi kutupwa. Linapata safu yake, na fomyula inalisoma hilo kwanza kabla ya kuisoma namba.

Na bado kuna tarehe ya usiku wenyewe. Mtumbwi uliotoka jioni ya tarehe 3 ukarudi alfajiri ya tarehe 4 umevua usiku wa kuamkia tarehe 4. Katibu mmoja ataandika 3, mwingine ataandika 4, na wote wako sahihi. Ukiwachanganya, utapata usiku mmoja mtumbwi ulitoka mara mbili na usiku mwingine haukutoka kabisa. Mwalimu anatengeneza safu mbili, ya kutoka na ya kurudi, na anajaza zote mbili hata pale katibu alipoandika moja tu, baada ya kumuuliza desturi yake ni ipi.

Kazi hiyo ya mtumbwi ndiyo iliyonionyesha kina cha mambo, kwa sababu ya vistari vilivyokuwa mahali pa namba. Siku nyingi zilikuwa na ndoo saba, ndoo kumi na moja, ndoo nne, kisha mfululizo wa siku zenye kistari tu. Mtu angeviweka vyote sifuri akaendelea. Lakini dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, sasa taa za sola, na taa huvuta dagaa pale giza linapokuwa giza kweli. Mbalamwezi ikitawala, mitumbwi inalala mwaloni na wavuvi wanashona nyavu. Kistari cha siku hizo hakina maana ya kukosa samaki. Maana yake hakuna aliyekwenda. Mwalimu alifungua kalenda ya mwezi. Mei 2023 mwezi ulikuwa mpevu tarehe 5 na haukuonekana kabisa tarehe 19. Kwa hiyo kistari cha tarehe 4, 5 au 6 hakikuwa na la kuuliza. Kistari cha tarehe 19, katikati ya giza zuri, kilikuwa na la kuuliza, na alipopiga simu aliambiwa mtumbwi ulitoka, ila mwandishi alikuwa msibani.

Angalia sasa kistari kimoja kilikuwa kimebeba mambo mangapi. Hawakutoka. Walitoka wakarudi mikono mitupu. Walitoka, wakapata, hakuna aliyeandika. Katika Excel haya hayafanani hata kidogo: kisanduku kitupu hakiingii kwenye wastani, sifuri inaingia na kuushusha. Ukiweka sifuri kwenye siku za mbalamwezi, mvuvi anaonekana amefilisika. Ukiacha kitupu usiku aliorudi bila kitu, anaonekana tajiri. Mwalimu aliongeza safu ya "hali", akaandika kwa kila usiku: mbalamwezi, walitoka, haikuandikwa. Sifuri akaiweka penye sifuri ya kweli tu. Mtu aliyeketi kwenye chumba chenye feni moja, akifanya kazi ya bei ya kuchapa, alikuwa anatofautisha kitu kisichokuwepo na kitu kisichojulikana, na hiyo ni tofauti ambayo watu wenye shahada huikosea.

Ziwa Victoria lina historia ndefu ya kuhesabiwa. Mtafiti Michael Graham alilizunguka mwaka 1927 na 1928, na kutokana na takwimu zake akapendekeza nyavu zenye matundu chini ya inchi 5 zisitumike, ili kuwanusuru samaki aina ya ngege. Tangu mwaka 2000, Tanzania, Kenya na Uganda zimekuwa zikifanya sensa ya uvuvi, kuhesabu mialo, wavuvi, mitumbwi na zana, kwa uratibu wa Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao yake Jinja. Kilomita za mraba 68,800 za maji, karibu nusu zikiwa zetu, na mengi tunayodai kuyajua kuhusu samaki waliomo yalianzia kwa mtu aliyesimama mwaloni na karatasi. Kati ya karatasi hiyo na jedwali, kuna mkono. Tunawakumbuka wanaotoa hitimisho. Huyo wa katikati hatumtaji.

Na mkono huo ukiteleza, ukubwa wa ofisi hauokoi. Oktoba 2020 Uingereza iligundua kwamba wagonjwa 15,841 wa Covid-19, waliothibitishwa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, walikuwa wameachwa nje ya hesabu za kila siku, na watu waliokutana nao hawakufuatiliwa kwa wakati. Taarifa zilikuwa zimehamishwa kwenye faili la Excel la mtindo wa zamani, ambalo mistari yake inaishia 65,536. Zilizozidi hazikuingia. Mwaka huo huo kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu iliamua kubadilisha baadhi ya majina, mfano MARCH1 ikawa MARCHF1, kwa sababu Excel ilikuwa ikiigeuza jeni kuwa tarehe ya mwezi Machi. Wanasayansi waliona ni rahisi kubadili jina la jeni kuliko kuwategemea watu wote duniani waandae safu zao kabla ya kubandika. Pale Kirumba kuna mtu anayeziandaa.

Kozi nyingi za kompyuta za miezi mitatu hufundisha Word, zikimaliza hufundisha Excel, kila moja na mtihani wake. Safari ya kutoka moja kwenda nyingine haifundishwi, ingawa taarifa za maofisini na vikundini hufia njiani humo. Ningependa ifundishwe, na ningependa iwe na bei yake ukutani, juu ya kulaminisha.

Hatua ya mwisho ya Mwalimu ni kulinganisha. Kwanza anahesabu mistari: matukio yaliyomo kwenye karatasi aliyoiwekea alama za risasi lazima yalingane na mistari ya jedwali. Kisha anajumlisha. Katibu alikuwa ameandika mwishoni mwa orodha ya wachuuzi, kwa wino mzito, kwamba madeni yote ni 318,000. Excel ilisema 322,000. Mtu mwingine angefurahi kumkosoa katibu, au angebadilisha kimoja kifanane na kingine aende nyumbani. Mwalimu alitengeneza safu ya muda, akaweka ndani yake kila "bado" kama ilivyoandikwa, akaitoa kwenye deni lililokokotolewa, akachuja mistari ambayo jibu lake halikuwa sifuri. Ulibaki mmoja. Sado 8 kwa 4,500, sawa na 36,000, katoa 20,000, bado 12,000.

Hapo 36,000 ukitoa 20,000 inabaki 16,000. Katibu huenda alikosea kutoa. Lakini pia inawezekana kabisa kwamba mama yule alileta 4,000 nyingine siku ya pili, katibu akaipunguza kwenye "bado" na kusahau kuiongeza kwenye "katoa", na katika hali hiyo 12,000 ndiyo sahihi. Waraka hauwezi kusema ni lipi, na jedwali pia haliwezi. Mwalimu aliziacha namba zote kama zilivyoandikwa, akakipaka kisanduku rangi ya njano, na kwenye safu ya maelezo akaandika: "Ukurasa wa 2, mstari wa 27. Hesabu inatoa 16,000, katibu ameandika 12,000. Wamuulize mwenyewe kwenye kikao." Kisha akahifadhi faili mbili kwenye fleshi, la Excel na lile la Word kama lilivyoletwa.